NYUMBA HII NI YA NANI? NENO KWA VIJANA WANAOJENGA KISAKI

 

Ndugu Waislamu, anayeshuka garimoshi katika stesheni ya Kisaki, au anayefika huko kwa njia ya Bigwa, Matombo na Mvuha, ataona kwamba vijana wanajenga. Mahali zilipokuwa nyumba za fito na udongo zilizoezekwa nyasi, sasa zinapanda kuta za tofali za kuchoma, na juu yake bati. Mwenye nyumba mara nyingi hajafika miaka thelathini, na mkewe ni mdogo kuliko yeye. Mtoto wao ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Anashika ukuta kwa mkono mmoja na nguo ya mama yake kwa mkono wa pili. Baba hushinda shambani kwenye ufuta au mpunga, na jioni huongeza mistari miwili ya tofali. Kazi huchukua miaka mitatu, minne, hata mitano, na familia huhamia kabla madirisha hayajatiwa.

Jambo hili ni la kheri na sisi tunaliunga mkono. Mtume (S.A.W.) ameitaja nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo yampayo mtu furaha hapa duniani, na kumpatia mke maskani ni wajibu wa mume, si hisani. Kwa hiyo makala hii haikuandikwa kumvunja moyo kijana yeyote. Imeandikwa kwa sababu ya swali moja ambalo katika ujenzi wote huu haliulizwi na mwenye nyumba, wala na wazee wake, wala na imamu aliyemfungisha ndoa. Nyumba hii ni ya nani?

Ukiliuliza utapata majibu manne. Kijana atasema, ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu. Mkewe atasema, ni yetu, maana bati nilinunua mimi. Ndugu wa kijana watasema, mtoto wetu amejenga, hiyo ni mali ya ukoo. Na ndugu wa mke, ikiwa kiwanja kilitoka kwao, watasema kwa upole kabisa kwamba mkwe wao walimpa pahali pa kukaa tu. Kila mmoja anasema kwa moyo safi, na hakuna mwenye karatasi. Maadamu baba yu hai, majibu haya manne hulala chini ya paa moja bila ugomvi. Siku anapozikwa, yote manne hutoka nje kwa pamoja, na mwenye kukanyagwa ni yule aliyekuwa ameshika ukuta.

Tumesikia hoja kwamba haya ni mambo ya dunia na kwamba kazi ya msikiti ni swala. Tunaikataa hoja hiyo. Mwenyezi Mungu ameacha mengi ya ibada yafafanuliwe na Mtume wake, lakini mafungu ya mirathi ameyapanga Mwenyewe, nusu kwa nusu na thumni kwa thumni, katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Anayeona kwamba mali ya yatima si jambo la msikiti na azisome aya za mwanzo za sura hiyo hiyo, kisha atuambie zilishuka kwa ajili ya nani.

MILA NA BATI

Kwa wasomaji wasiotoka pande hizi tueleze kidogo. Waluguru wa milimani na Wakutu wa mabondeni ni watu wa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi hupita kwa mama, na mwanamume akifa, kwa mila, alichoacha huenda kwa wapwa wake, yaani watoto wa dada yake, wala si kwa watoto aliowazaa. Mwana huweza kulima kipande cha baba yake, lakini hulima kwa ruhusa, na ruhusa hiyo hurudi kwa ukoo wa baba. Ndiyo maana wazee hawakupenda mtu aliyeazimwa shamba apande mwembe au mchungwa, kwani mti wa kudumu ni dai la kudumu. Basi nyumba ya tofali tuiiteje?

Hatusemi kwamba mila hii ilikuwa ya kijinga. Ilikuwa na mantiki yake. Mjomba alikuwa mlezi kweli kweli, na mtoto aliyekosa kwa baba alipata kwa mjomba. Ardhi ilikuwa tele. Nyumba ya fito ilikuwa na umri wake. Mchwa wakiimaliza, hujengwa nyingine pembeni, kwa hiyo hapakuwa na nyumba ya kurithiwa wala ya kugombewa. Tena tuseme haki: kwa mila hii mwanamke wa Kiluguru aliweza kusema shamba hili ni letu, wakati wenzake wa makabila mengi yafuatayo upande wa baba walihesabiwa kuwa wapita njia katika shamba la mume.

Lakini yaliyoishikilia mila hiyo yameondoka. Mjomba leo yuko Dar es Salaam au Ifakara, na watoto wake mwenyewe wanamshinda kuwalisha. Ardhi nayo si ile. Kisaki haikuanza jana kuwa njia ya wageni. Misafara ya bara ilipita jirani hapo Zungomero, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana hapo mwaka 1916, na katika miaka ya 1970 ikaja reli ya TAZARA. Ila miaka hii kasi ni nyingine. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori la Selous iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mwaka huo huo ikaanza kazi ya bwawa la umeme la megawati 2,115 katika mto Rufiji. Watu wamekuja na fedha, na kiwanja kilichokuwa kikitolewa kwa maneno na kuku mmoja sasa kina bei. Vijana wa makabila ya mbali wameoa hapo na kujenga hapo, kwenye ardhi ya wakwe ambao hawakuwahi kuulizwa kwa uwazi wanatoa nini: kiwanja, au kibali cha kukaa?

Na nyumba yenyewe imebadilika. Mila ilikuwa na kanuni ya shamba na ya mazishi. Haikuwa na kanuni ya bati za geji 28 na sakafu ya saruji. Ndiyo sababu leo mpwa anayekuja kudai si mtu anayefuata mila ya babu zake. Babu zake hawakupata kumtoa mjane katika nyumba ya tofali, kwa kuwa hawakuwa nayo. Anachofanya ni kuchukua mali ya kisasa kwa jina la kale.

MAFUNGU ISHIRINI NA MANNE

Tuchukue mfano. Kijana amefariki. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume wa miaka miwili, mama yake mzazi, na dada mwenye watoto wa kiume wawili wakubwa. Baba yake alikwisha kutangulia. Kwanza hulipwa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Kilichobaki hukatwa mafungu 24. Mke huchukua thumni, ndiyo 3. Mama huchukua sudusi, ndiyo 4. Yanabaki 17, na yote ni ya mtoto yule anayejifunza kutembea. Dada hana fungu, kwa kuwa mwana yupo. Na wapwa? Wapwa ni katika dhawil-arham, na hapa hawana hata fungu moja. Ukiuliza mila, wapwa wana yote. Hakuna namna ya kuyapatanisha majibu haya mawili kwa busara za wazee, kama tunavyosikia vikaoni, kwamba mtoto apewe kitanda na baiskeli na nyumba ichukuliwe na ukoo. Hiyo si sulhu. Mtoto wa miaka miwili hawezi kufanya sulhu, wala hakuna mwenye mamlaka ya kusamehe haki yake kwa niaba yake.

Angekuwa wa kike, angechukua nusu, ndiyo 12, mama 4, mke 3, na yale 5 yaliyosalia yangekwenda kwa dada wa marehemu, aliye asaba pamoja na binti. Dada mwenyewe, si wanawe. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu tunajua wapo watakaosema kwamba makala hii inataka kuwafukuza ndugu wa marehemu. Sharia haikuwafukuza. Iliwapanga.

Hapa lazima tuwageukie na baadhi ya wanaume wa safu ya mbele. Wako wanaoikumbuka sharia siku ya kugawa tu, na huikumbuka pale inapompa mwanamume mara mbili. Wameishi miaka yote kwa mila. Dada zao wakalima ardhi ya mama yao, wakailinda na ndovu na nguruwe usiku kucha. Kisha mama akifa, wao huja na kitabu mkononi wakitaka ardhi ya ukoo mzima ikatwe vipande. Ardhi ile haikuwa milki ya mama peke yake. Alikuwa na haki ya kuitumia pamoja na nduguze. Mirathi hugawa alichomiliki marehemu, na kisichokuwa chake hakigeuki kuwa chake kwa sababu amekufa. Anayetumia Qur'ani kunyang'anya na anayetumia mila kunyang'anya ni wamoja, hata kama mmoja wao ana sijda usoni.

Na kanuni hiyo hiyo inamrudia kijana wetu. Ikiwa amejenga juu ya ardhi ya ukoo wa mkewe, nayo haikuuzwa kwake wala hakupewa kama hiba, basi alichoacha ni tofali, mbao na bati. Udongo ulio chini si wake. Kuna mtoto atarithi mafungu 17 ya kuta zilizosimama juu ya ardhi ya wajomba zake. Huenda wajomba ni watu wema wakamwacha akae. Huenda wakamuuzia. Huenda mmoja wao ana deni.

UFUTA WA MKE

Tuje kwenye bati. Katika nyumba nyingi za Kisaki, mke ameweka fedha yake. Ameuza ufuta wake au ndizi zake, au amepokea zamu yake katika mchezo wa kinamama, na fedha yote ikaingia kwenye paa. Mwanamke katika Uislamu ana milki yake kamili. Mume hana haki ndani yake hata senti, na wala hakulazimishwa mwanamke kujenga nyumba. Basi fedha hii aliyoitoa ni nini? Ama ni sharika, kwamba ameingia ubia katika nyumba. Ama ni deni, kwamba mume atamrudishia. Ama ni hiba, kwamba amempa mumewe kwa mapenzi, basi imetoka mkononi mwake. Hakuna la nne. Lakini nyumba ngapi zimelisema?

Tazameni tofauti. Tuseme bati na mbao za paa ni theluthi ya thamani ya nyumba, na kiwanja ni milki yao. Kama mke alikuwa mbia, mume akifa, mafungu 8 kati ya 24 ni yake kabla mirathi haijaanza, kwani hayakuwa ya marehemu. Yanabaki 16, na thumni yake ni 2. Jumla ana 10. Kama ilikuwa hiba kwa mume, ana 3 tu. Mwanamke ni yule yule, ufuta ni ule ule, paa ni lile lile. Kati ya 3 na 10 kuna sentensi moja ambayo haikusemwa jioni moja walipokuwa wamekaa wawili barazani, mtoto akicheza na mchanga. Na wasemaji siku ya msiba watakuwa watu ambao hawakuwepo jioni ile.

Serikali nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyo katika jina la mmoja wa wanandoa huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vingine, na iliyo katika majina yao wote huchukuliwa kuwa ni yao kwa usawa mpaka ithibitishwe vingine. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambao walikuwa Waislamu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa inapogawanywa baada ya talaka, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu katika nyumba ile kwa sababu nyingine za shauri lake. Wapo kati yetu wanaoikasirikia hukumu hiyo mpaka leo, wakisema mahakama imeingilia dini. Tunawauliza: mwanamke aliyetoa fedha taslimu ya ufuta, ambaye dini haina shaka juu ya milki yake, mmemlipa lini? Mngetangulia kumpa cha sharia, asingekuwa na haja ya kumtafuta hakimu.

KUANDIKA

Basi na iandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, nayo inataka liandikwe dogo na kubwa. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa kwake. Pamoja na hayo tunaambiwa vijijini kwamba kuandika ni kujitabiria kifo. Au kwamba mke akitaka liandikwe, huyo tayari ana mtu nje. Tumelisikia hili la pili likisemwa na watu wazima, barazani, baada ya swala ya Alasiri. Hao hao wakikopeshana gunia moja la mpunga hutafuta shahidi.

Na mahali pa kuandika papo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inamruhusu mwanakijiji kuomba kwa Halmashauri ya Kijiji Hati ya Haki Miliki ya Kimila. Mipaka huonyeshwa mbele ya majirani, mwenyekiti na afisa mtendaji wa kijiji hutia saini, na hati husajiliwa na ofisi ya ardhi ya wilaya. Hati inaweza kubeba majina mawili, la mume na la mke. Jina moja likiandikwa kwa kuwa ndiye mwenye mali, hilo nalo ni sawa, bora ijulikane. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Na kwa wale ambao viwanja vya wazazi wao vilitolewa wakati wa Operesheni Vijiji, kifungu cha 15 kimethibitisha ugawaji uliofanyika baina ya Januari 1970 na Desemba 1977, na kufuta madai ya waliokuwa na ardhi ile kabla. Ugomvi ukizuka, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Vijana hawayajui haya. Madalali wanayajua.

Anayejenga kwa wakwe afanye jambo jingine kwanza kabla ya tofali la kwanza: awakusanye wazee wa ukoo wa mke, wanawake wakiwemo, kwani katika mila yao wao ndio wenye ardhi, na awaulize waziwazi. Mnaniuzia? Mnampa binti yenu? Au mnaniazima? Yote matatu ni halali. Akipewa mke, hati iwe kwa jina la mke, na kijana asione haya kuishi katika nyumba iliyo juu ya ardhi ya mkewe. Akiazimwa, basi ajue anajenga kwenye cha kuazima na asimwage saruji ya kumfilisi.

Tahadhari moja. Wapo waliotishwa na ukoo wakakimbilia kumwandikia nyumba yote mtoto mmoja kwa hiba wakiwa hai. Sahaba Nu'man bin Bashir alipopewa zawadi na baba yake peke yake, Mtume (S.A.W.) alikataa kuishuhudia, kwa kuwa watoto wengine hawakupewa. Leo mtoto ni mmoja. Keshokutwa watakuwa wanne. Na mke wa pili, kwa mwenye nia hiyo, naye atazaa.

Kuhusu mikopo tutasema kwa ufupi, kwa kuwa tumelisema sana. Ile ya mitaani iitwayo kausha damu ni riba iliyo wazi, na haihitaji fatwa. Benki isiyo ya riba ipo nchini tangu Amana Bank ilipofungua milango mwaka 2011, ingawa kwa mkulima wa Kisaki ni safari ndefu. Linalotuhusu leo ni kwamba nyumba huwekwa rehani na mume bila mke kujua, naye hulijua siku wanapokuja watu kupima kuta. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Mume aliyefanya hivyo kwa siri amekosea mara mbili, kwa riba na kwa kudanganya waliomwamini.

WANAOITWA WAKATI UMEPITA

Maimamu wetu wanajua kugawa. Mleteeni marehemu, atakata 24 bila kalamu. Lakini huitwa lini? Huitwa watu wakishakaa arobaini, na juu ya kisomo hicho cha arobaini msimamo wetu unajulikana. Huitwa eda ya mjane ya miezi minne na siku kumi haijafika nusu, na tayari mtu amehesabu bati. Mara nyingine mjane amekwisha kuambiwa arudi kwao na mtoto mgongoni, wakati eda yenyewe anatakiwa kuimalizia katika nyumba ile. Imamu akifika hapo hukuta kesi, si mirathi.

Kesi hiyo ikifika Mahakama ya Mwanzo, huulizwa jambo ambalo wengi hawalitegemei: marehemu aliishi vipi? Kwa sheria ya nchi yetu, Mtanzania wa asili aweza kurithiwa kwa mila au kwa sharia ya Kiislamu, na mahakama hutazama mwenendo wa maisha yake na nia yake. Basi mtu aliyeswali Ijumaa kwa Ijumaa, lakini mambo yake yote ya ardhi akayapeleka kwa wazee wa ukoo, hakuandika wasia, hakutamka mbele ya mtu kwamba anataka arithiwe kwa sharia, amewapa wapwa hoja kwa mkono wake. Watasema alikuwa Muislamu msikitini na Mkutu nyumbani. Na nani atawabishia?

Tunapendekeza kwa misikiti ya Kisaki jambo dogo lisilo na gharama. Kijana anapohamia nyumba mpya huwaita watu, huchinja kuku au mbuzi, huomba dua. Siku hiyo, kabla ya sinia kutandazwa, imamu amuulize mbele ya mkewe, ya ndugu wa pande zote mbili na ya jirani: kiwanja ni cha nani, kuta ni za nani, paa ni la nani, na ukifa urithiwe kwa lipi? Katibu wa msikiti aandike, wenyewe watie saini au dole gumba, na mashahidi vilevile. Karatasi hiyo haichukui mahali pa hati ya kijiji, lakini ni ushahidi, na hupatikana siku ambayo wapwa wenyewe wamekaa hapo wakila.

Jingine ni la mtoto. Akika yake ilifanywa siku ya saba, watu walikula, wakashiba. Je, cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi? Mpango wa kuwasajili bila malipo watoto wa chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013 na umefika mikoa mingi. Wazazi waulize zahanati au kwa afisa mtendaji wa kata. Na cheti cha ndoa ya wazazi wake? Ndoa nyingi za vijijini zimefungwa kwa sharia kamili, walii na mashahidi na mahari, bila karatasi yoyote, na mashahidi wenyewe ni wazee. Atakaposimama mtu mbele ya hakimu na kusema kwamba mwanamke huyu alikuwa amekaa tu na marehemu, na kwamba mtoto huyu hajulikani ni wa nani, mtoto mwenyewe hataweza kujibu. Katika umri ule anajua maneno mawili matatu, na moja kati ya hayo ni baba.